Mabingwa wa hospitali za kufundishia, usiku mnamsimamia nani?

Wakuu, tuseme bila kumung'unya maneno. Jina la daktari bingwa lipo kwenye orodha ya zamu, lakini ikifika saa tisa alasiri unamtafuta kwa tochi. Yuko kliniki binafsi. Wodi anaachiwa daktari tarajali aliyemaliza chuo juzi, na residenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, ambaye yuko tieta (chumba cha upasuaji) tangu mchana.

Analetwa mama mwenye kifafa cha mimba saa tatu usiku. Magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege hiyo, ya kwenye kichupa ni ya asilimia 50, na mshipani haiingii hivyo hivyo. Unavuta ml 8, ambazo ni gramu 4, unaongeza maji ya sindano ml 12, unasukuma taratibu kwa dakika 5 hadi 20. Kisha gramu 5 kila tako, halafu gramu 5 kila baada ya saa 4. Kabla ya kurudia dozi unahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika; unagonga goti uone kama linaitika; unapima mkojo, usiwe chini ya ml 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti gramu 1, ya kuondoa sumu ya magnesiamu ikizidi, inakaa kando ya kitanda, siyo kwenye kabati ambalo ufunguo wake hauonekani.

Yote hayo yamebandikwa ukutani na tarajali anayajua. Tabu inaanza saa saba, dozi ya pili imefika, pumzi ziko 18 lakini mkojo umepungua tangu saa tano. Dawa hii hutoka kwa figo, kwa hiyo ukiongeza inajikusanya mwilini mpaka pumzi zinakata. Hapo ndipo bingwa anahitajika. Simu inaita mpaka inakatika. Asubuhi kwenye raundi anamfokea kijana mbele ya wagonjwa: kwa nini hukuniita?

Na vitabu vya mafunzo, vile ambamo bingwa husaini kwamba kijana amefanya operesheni chini ya usimamizi, je? Operesheni za miezi mitatu zinasainiwa wiki ya mwisho, kwa mkupuo, na mtu ambaye hakusimama pale mezani. Kwa saini hizo kijana anapelekwa wilayani kupasua peke yake!

Mabingwa ni wachache, ni kweli. Aliyepangwa zamu na akakubali hana kisingizio hicho. Tunataka namba yake na ya msaidizi wake zibandikwe kila wodi, na mgonjwa mahututi aonwe na bingwa usiku huohuo.

Watarajali, kila simu mnayopiga iandikeni kwenye faili: saa, jina, jibu, au kwamba haikupokelewa. Kikao cha kupitia vifo vya uzazi kikikaa, kikute nani aliitwa.