Mjadala: Jiko la Frankfurt lilimkomboa mwanamke au lilimfungia?

Wadau, tulijadili hili kwa hoja. Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo aliyezaliwa Vienna, Austria, mwaka 1897, anasutwa hadi leo kwamba Jiko la Frankfurt, chumba cha kupikia alichokibuni mwaka 1926 kwa nyumba za mji huo wa Ujerumani, lilimfungia mwanamke kwenye chumba chembamba. Mimi nasema anaonewa.

Familia nyingi za wafanyakazi Ujerumani zilikuwa zikipika, zikila, zikioga na hata kulala katika chumba kimoja. Ernst May, aliyesimamia ujenzi wa nyumba za bei nafuu Frankfurt, akamwita Margarete abuni jiko lake. Nafasi yenyewe mita 1.9 kwa 3.4! Akaenda kuangalia majiko ya mabehewa ya chakula kwenye treni, akapunguza kila hatua isiyo ya lazima. Meza ya kukatia ikawa chini ya dirisha, mpishi akae kwenye kistuli na kusukumia maganda kwenye droo ya taka iliyo pale pale. Unga ukawekwa kwenye droo za mwaloni ili wadudu wasiuingie. Majiko kama 10,000 yalijengwa.

Mchangiaji wa pili: Sikubaliani, ndugu. Mita 1.9 anaenea mtu mmoja, na sote tunajua ni nani. Kazi ilipungua lakini ikabaki ya mama, baba akapata kisingizio cha kutoingia. Mbona hakubuni jiko la pamoja la jengo zima?

Mwanzisha mada: Jiko la pamoja lilijadiliwa sana enzi zile, naye alilifikiria. Gharama zake zingelipwaje na mpangaji ambaye leo ana kibarua na kesho hana? Na usisahau mlango wa kusukuma pembeni ulioelekea sebuleni, mama akipika anawaona wanawe.

Kinachoniuma ni kwamba tukimtaja tunaishia jikoni. Desemba 1940 alitoka Istanbul, alikokuwa salama, akarudi Vienna kusaidia upinzani dhidi ya Wanazi. Januari 1941 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wakamkamata, akahukumiwa miaka 15, akatoka gerezani 1945 vita vilipokuwa vinaisha. Halafu nchi aliyoipigania ikamnyima kazi za umma, kisa mkomunisti. Aliishi hadi mwaka 2000, na muda wote huo watu wanamuuliza habari za jiko tu, mpaka likamchosha.

Kwa hiyo anayemlaumu anijibu: kwa kodi aliyoimudu mfanyakazi wa 1926, na kwa mita zile zile, wewe ungejenga nini?