Wakuu naombeni ushauri: niache umeme nikasome sola ya miezi mitatu?

Dogo_wa_Mkuyuni: Habari za jioni wakuu. Niko chuo cha ufundi hapa Mwanza, nasoma umeme levo ya pili. Tangu mwaka jana chuo kimeingia kwenye mambo ya mazingira, wakatuanzishia mradi wa baiogesi ya gugumaji, na sikutegemea ila ndo kitu nimekipenda kuliko vyote. Tunaenda ziwani na mkokoteni tunavuta gugumaji, mizizi tunatupa maana ina mchanga, majani tunakatakata kama mchicha tunachanganya na mavi ya ng'ombe na maji tunamimina kwenye simtanki. Gesi ya kwanza ikatoka haiwaki, wale wa ushonaji wakatucheka chuo kizima, mwalimu akasema hiyo ni hewa na kaboni dayoksaidi iachieni tu. Kama siku ya ishirini hivi tukapata moto wa bluu kadogo, banda zima linanuka mayai viza lakini chai ilichemka.

Sasa wametangaza kozi ya sola, laki tatu na nusu. Hela niliyonayo ni ya ada ya muhula ujao, mama anauza dagaa ndo kanipa. Na kuna paneli za mafunzo ziko stoo kwenye maboksi tangu zije, hatujazigusa hata siku moja. Niende?

Ngosha_Buhongwa: Zitoke kwanza stoo ndo ulipe. Sola bila kushika paneli si utakuwa unaangalia picha tu

FundiJua: Dogo usiache umeme. Mimi nafunga sola visiwa vya huku ziwani mwaka wa tisa huu. Anayejua sola peke yake anaishia taa tatu na kuchaji simu, akikutana na nyumba yenye inveta (ile ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kawaida wa nyumbani) na umeme wa Tanesco humohumo anatafuta sababu ya kuondoka. Halafu kufunga waya za nyumba kihalali ni leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, na pale wanaangalia cheti cha umeme na uzoefu. Juzi Ukerewe nimeitwa sola "mbovu", kufungua nakuta jamaa kauziwa betri ya gari, anaikausha kila usiku mpaka asubuhi. Betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku umeiua. Paneli zilikuwa nzima kabisa.

Ukitaka kumpima mwalimu wa hiyo kozi muulize paneli hapa kwetu inalazwaje. Tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta, mwezi wa 6 jua liko kaskazini, wa 12 liko kusini, kwa hiyo unailaza karibu bapa unaiinamisha kidogo kaskazini ili mvua isukume vumbi. Akikwambia nyuzi 35 huyo kakopi kitabu cha Ulaya.

Mama_Mwaloni: Mwanangu hiyo hela umemuuliza mama yako? Muulize kwanza. Halafu nyie wa chuo mnatuachaje sisi, mvua ikinyesha siku mbili dagaa wanaozea mchangani tunawauza chakula cha kuku. Mtutengenezee banda la nailoni la kukaushia kwa bei ya mtu wa kawaida, hilo nalo si jua?

kambare_mzee: chai ya gugumaji 😂😂 nchi hii bana

Ngosha_Buhongwa: @kambare_mzee cheka tu, serikali inataka asilimia 80 ya watu wapikie nishati safi ifikapo 2034, hao watoto watakuja kukufungia jiko. Dogo, wazo la mama hapo juu usiliache lipite. Ukimaliza tafuteni wenzako mjiunge kikundi, halmashauri kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne ni za vijana na haina riba. Mzunguko wake ni mrefu lakini, usiitegemee kula.

Dogo_wa_Mkuyuni: Asanteni sana wakuu, shikamoo mama. Nimemuuliza bi mkubwa kanijibu kwa swali, "umeme umekukosea nini?" Mwalimu naye nimemuuliza kuhusu paneli, anasema mwenye funguo ya stoo yuko likizo. Nalipa ada. @FundiJua nimekutumia meseji, likizo naomba nije kukubebea ngazi, nauli ya meli ya Nansio huko Ukerewe najitegemea.

FundiJua: Njoo na tester yako. Yangu hawaazimwi watu.