Chakula hai cha vunjajungu wachanga wakati wa baridi ya Mbeya: nianze na kipi?

MkaziWaUyole:

Habari zenu wanajukwaa. Ninafuga vunjajungu hapa Uyole, Mbeya, na jike mmoja ametaga kifuko cha mayai kwenye kijiti nilichomwekea ndani ya tenga la neti. Kwa ukubwa wa kifuko hicho ninatarajia watoto wengi, nao hutoka kwa mkupuo wakiwa na urefu wa milimita chache tu. Jike mwenyewe nimekuwa nikimlisha panzi pamoja na nondo wanaofuata taa ya barazani, lakini tangu baridi ya Juni ilipoingia nondo wameadimika, na panzi wa mashambani ninawaogopa kwa sababu majirani wanapulizia viazi dawa mara kwa mara. Naomba mnielekeze: watoto hao niwalishe nini mwanzoni, na ni wadudu gani ninaoweza kuwazalisha nyumbani kwa gharama ndogo?

MfugajiWaKihesa (Iringa):

Ndugu yangu, usisubiri watoto watoke ndipo uanze kutafuta chakula. Huanza kuwinda muda mfupi tu baada ya kutoka, na wakikosa mawindo wanageukiana wao kwa wao. Chakula chao cha kwanza ni vile vinzi vidogo vyenye macho mekundu vinavyozagaa juu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Usivichanganye na nzi wakubwa zaidi wanaotoboa maembe. Kuvipata si kazi: weka kipande cha ndizi mbivu ndani ya kopo la wazi karibu na genge la matunda, au, kwa sisi wa Iringa, kwenye kilabu cha ulanzi msimu wake ukiwepo, kwani harufu ya kitu kinachochachuka ndiyo inayoviita. Vikishaingia vya kutosha, funika kopo kwa kitambaa chepesi na ukifunge kwa mpira.

Chakula cha kuvizalishia ninakitengeneza hivi: ninapika uji mzito wa unga wa mahindi, ninauponda pamoja na ndizi, ninatia kijiko cha siki ili kuzuia ukungu, na ukishapoa kabisa ninanyunyizia hamira kidogo juu yake. Uwe mzito kiasi kwamba ukilaza kopo hautiririki. Ndani yake ninasimamisha karatasi iliyokunjwakunjwa, kwa sababu funza wakishiba hupanda mahali pakavu ili wageuke pupa, na pasipo karatasi wengi huzama katika uji waliokwisha kuulainisha wenyewe.

Jambo kubwa kwa mikoa yetu ni joto. Katika nyuzi 25 za Sentigredi, safari ya kutoka yai hadi nzi anayeruka huchukua takriban siku 10. Katika nyuzi 18 huchukua karibu mara mbili ya muda huo, na usiku wa Julai huko kwenu Mbeya ni baridi zaidi ya hapo. Liweke kopo mahali penye vuguvugu, mathalani juu ya friji, au ndani ya sanduku la kulelea vifaranga lenye balbu, ila lisisogee sana kwenye balbu, kwa maana joto likifika nyuzi 30 madume huanza kupoteza uwezo wa kuzalisha. Anzisha kopo jipya kila wiki, na lililozidi mwezi mmoja litupe, kwani huko ndiko utitiri hujazana. Wakati wa kulisha, liingize kopo kwenye friji kwa dakika chache ili vinzi vizubae, kisha uvigongegonge viangukie kwenye chombo cha watoto kabla havijaamka.

NyukiMafinga:

Naunga mkono maelezo ya ndugu wa Kihesa, nami nitaongezea kuhusu vunjajungu waliokwisha kukua. Ninafuga nyuki, na mzinga ukidhoofika adui yetu ni nondo wa nta. Kwa vunjajungu huyo ni chakula bora kuliko vyote ninavyovijua: ana mwili laini, hawezi kumdhuru mlaji, na akishakuwa nondo kamili hali kitu, kwa hiyo hakudai matunzo. Mwombe mfugaji yeyote wa nyuki masega makuukuu yaliyotandwa nyuzi nyeupe, atafurahi kuondolewa. Yahifadhi ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko wa bati uliotobolewa na kuzibwa kwa wavu mwembamba wa chuma, kwa sababu funza wa nondo huyo walio ndani ya masega hayo hutafuna plastiki na hata mbao. Wape pumba za ngano zilizokandwa kwa asali mpaka zishikamane, pamoja na kipande cha sega. Ukigusa katikati ya kundi la funza wakubwa utahisi joto, kwa kuwa wakisongamana hujipasha wenyewe. Hata hivyo, kwa baridi yetu chupa ikae ndani, nawe uwe na subira, maana kizazi kimoja kinaweza kuchukua miezi miwili au zaidi. Nakusihi sana usiiweke chupa hiyo karibu na mizinga ya mtu.

MkaziWaUyole:

Nawashukuru sana, kopo la ndizi nitalitega leo hii. Je, nyenje mnawaonaje? Kuna kijana huku anawafugia kuku wake, naye yuko tayari kunigawia.

MwanaRungwe:

Wapokee, lakini kwa tahadhari. Vunjajungu anapokaribia kujivua ngozi huacha kula na kujining'iniza kichwa chini, na saa hiyo hana ulinzi wowote. Nyenje aliyesahaulika humo humtafuna miguu au tumbo angali hai. Mpe mmoja mmoja kwa kibanio, asizidi nusu ya urefu wa vunjajungu mwenyewe, na asipoliwa mtoe jioni hiyo hiyo.

Kuwazalisha kunahitaji ndoo yenye kuta laini, trei za mayai za karatasi za kujifichia, pumba, majani ya maboga yasiyopuliziwa dawa, na kopo la mchanga wenye unyevu ambamo majike watataga. Maji yawe kwenye sponji, kwani kwenye kisahani wadogo huzama. Wanataka joto la karibu nyuzi 30, kwa hiyo huku Tukuyu bila sanduku lenye balbu hupati kitu.

Kuhusu panzi wa porini, hata pasipo na dawa usiwaokote wale wenye rangi kali za njano na nyeusi wanaokaa kwa makundi na kutoa harufu mbaya wakishikwa, maana wanabeba sumu ya mimea wanayokula. Huyo jike wako mpe chakula kila baada ya siku mbili au tatu, ukiliangalia tumbo lake: likiwa bapa ana njaa, likiwa limejaa mwache.