Samadi bondeni: kuifukia, kufunga mitaro au kupanda majani? Tulinganishe

MkaaBondeni (Alhamisi, saa 2:40 usiku)
Assalaam alaykum wakulima wenzangu. Nina kishamba ukingoni mwa bonde, upande wa Wete. Juu nina matuta ya tungule na bilingani, chini majaluba mawili ya mpunga. Masika maji yanasimama, kwa hiyo nimechimba mitaro mitatu, yote inaingia mtaro mkubwa unaoteremka mikokoni.

Masika iliyopita nilitandaza samadi magari mawili ya ng'ombe juu ya matuta. Usiku uleule ikapiga mvua mpaka alfajiri. Asubuhi nakuta mtaro unateremka rangi ya chai kavu, na harufu yake unaijua. Jirani wa chini akanipigia simu: kisima chake kinanuka zizi. Haki yake, sikuwa na la kujibu. Na tungule zenyewe wiki tatu baadaye majani ya njano, kama sikutia kitu.

Mwaka huu nafikiria njia tatu: kuifukia samadi, kuziba midomo ya mitaro baada ya kutia, au kupanda majani ya tembo kando ya mtaro mkubwa. Nguvukazi ni mimi na mama watoto, vijana wanakuja Jumamosi tu. Nianzie wapi?

BiTungule
Wa alaykum salaam. Ifukie, kaka. Mimi nachimba kishimo kila mche, konzi mbili za samadi iliyooza, udongo juu, basi. Mgongo unauma lakini mbolea inakaa. Kutandaza ni kuwapa kuku kazi ya kuparura.

Maalim_Kinamo
Bi Tungule kasema kweli kwa upande wa matuta. Niongeze kwa nini, maana ukijua sababu utachagua mwenyewe.

Ndani ya samadi kuna vyakula viwili vya mmea vinavyokukimbia kwa njia tofauti. Naitrojeni ikishageuka naitreti haishikwi na udongo, inayeyuka na kwenda popote maji yanapokwenda, hata yakiwa maangavu kabisa. Fosforasi nyingi inang'ang'ania chembe za udongo, kwa hiyo inaondoka maji yanapobeba tope. Majani ya tembo yatakusaidia kwa tope linalopita juu ya ardhi. Kwa naitreti inayopita chini na kutokea ubavuni mwa mtaro, msaada wake ni mdogo.

Jambo la pili, na hili wengi hawalitazami. Udongo wa kinamo ukipigwa na kaskazi Januari na Februari unapasuka, mkono unaingia. Tena kuna matundu ya nyungunyungu, na karibu na mikoko matundu ya kaa. Mvua ya kwanza haichujwi na udongo, inapita kwenye nyufa moja kwa moja mpaka mtaroni na samadi yako mgongoni. Kwa hiyo piga jembe kwanza, hata kina cha vidole vinne, uvunje zile nyufa, ndipo utie. Ukitia juu ya ardhi iliyopasuka ukasubiri mvua ikufukie, umeitia mtaroni kwa mkono wako.

Na usitie siku ambayo mitaro tayari inatiririka. Udongo ulioshiba maji hauna pa kuweka kitu kingine.

Kijana_wa_Cheju
Mnazungumza tungule, na majaluba je? Sisi huku bondeni ukitia urea unafunga mlango wa maji, huachii siku nne au tano. Urea ikiwa bado haijageuka haishikwi na udongo, ikitoka na maji imetoka. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, piga hesabu ya pesa uliyoipeleka baharini. Kuziba mtaro hakugharimu: kipande cha gogo la mgomba, kiroba cha mchanga, tope, basi. Mimi naona kuziba ndiyo njia ya kwanza, hizo nyengine baadaye.

BiTungule
Mwanangu, ukiziba mtaro wa tungule siku tano wakati wa masika utavuna mizizi iliyooza. Na mnyauko ukishaingia kwenye maji yale unatembea tuta hadi tuta. Mpunga unaogelea, tungule haiogelei.

Kijana_wa_Cheju
Hapo bi mkubwa umenifunga 😄 Basi azibe chini tu, kwenye majaluba.

Mzanzibari_Ughaibuni
Naishi Ohio, Marekani. Huku mitaro iko chini ya ardhi, mabomba yenye matundu, huyaoni. Wanamwaga samadi ya maji kwa matangi, na yameshatokea haya haya ya Maalim: inapita kwenye matundu ya nyungunyungu, inatokea mdomo wa bomba siku ileile. Wengine wanaweka kisanduku chenye mbao mwisho wa bomba, wanapandisha mbao kuzuia maji kabla ya kutia samadi na kuzishusha yatoke wanapotaka kulima. Ni gogo la mgomba la Cheju, ila la kununua.

Mbolea inayotoka mashambani inalisha mwani mbaya katika Ziwa Erie. Agosti 2014 watu zaidi ya laki nne wa Toledo na jirani zake waliambiwa wasinywe maji ya bomba, hata kuyachemsha hakufai. Wapo pia wanaochimba handaki na kulijaza vipande vya mbao, maji yapite humo polepole, vijidudu vigeuze naitreti kuwa hewa. Makumbi ya nazi tunayo tele, labda?

Maalim_Kinamo
Handaki hilo linasafisha maji, halikurudishii mbolea. Kwa mwenye magari mawili ya samadi, bora ibaki shambani.

Mama_Mwani
Mimi si mkulima wa nchi kavu, nalima mwani. Naomba tu mkumbuke mtaro mkubwa una mwisho wake, na mwishoni kuna watu. Majani apande, tope likija kwetu linakaa juu ya mwani na hatuli tope.

Maalim_Kinamo
Amesema. MkaaBondeni, swali moja: samadi yako inakaa wapi kabla ya kuitia?

MkaaBondeni
Ipo rundo nyuma ya zizi, wazi, hatua kama kumi kutoka mtaro wa kwanza. Juu niliweka makuti lakini yameoza.

Maalim_Kinamo
Basi sheikh, nusu ya hasara yako ilitokea kabla hujalishika koleo. Ile chai kavu ilianzia rundoni. Lihamishe mahali palipoinuka, mbali na mtaro na kisima, uinue kituta kulizunguka, ufunike kwa turubai. Hiyo kazi ya Jumamosi moja, na ianze kabla ya zote tatu.

MkaaBondeni (Jumapili, saa 1:15 usiku)
Rundo limehama leo. Vijana walinung'unika mpaka wakaletewa urojo. Matuta nitapiga jembe wiki ijayo na kufukia kwa vishimo, majaluba nitaziba kwa mgomba. Majani ya tembo nitapanda mstari mmoja kando ya mtaro mkubwa, ng'ombe nao watakula. Jirani nimempelekea ndoo ya bilingani, kazipokea, kisima bado hajaniambia.

BiTungule
Mstari mmoja hautoshi, weka miwili. Na hizo konzi, za mkono wako au wa mkeo?