Koko anakohoa sana hii kiangazi, ni vumbi ya barabara ao moshi ya mbabula, jiko ya makala? (Goma)

Mwana_wa_Majengo

Jambo bote. Naomba mawazo yenu juu ya koko yetu, mama mwenye kuzaa baba yangu, iko na miaka 74 na tunakaa naye hapa Majengo. Tansio, presha ya damu, iko nayo tangu zamani na dawa anakunywa vizuri, lakini tangu kiangazi ianze mwezi wa sita anakohoa usiku na asubuhi, akienda tu kwa jirani pale juu kidogo anasimama njiani kutafuta pumzi, mbele haikukuwa hivyo. Ku sante, kituo ya afya, walisikiliza kifua, wakapima makohozi, TB hakuna, wakasema ni moshi na vumbi njo vinamusumbua, wakatoa pompi ya kuvuta dawa kwa mdomo, tukarudi nyumbani bila kujua sasa tufanye nini.

Barabara yetu ni ile ya mawe ya volkano, moto (pikipiki) na magari zikipita vumbi nyeusi inaingia mpaka mu sahani. Nyumba ni ya mabao. Koko anakaa ku mlango muchana yote anauza makala kwa vikopo, jioni njo yeye anapika maharagi, hapendi mutu mwingine amupikie. Usiku baridi ikizidi anaingiza mbabula mu chumba yake na anafunga dirisha.

Kashene, ile ya kufunika pua na mdomo, inasaidia? Ao tumupeleke kwa shangazi Bukavu? Na ile moshi ya volkano yetu Nyiragongo nayo iko na sehemu gani? Zile mashine za kusafisha hewa hatuna uwezo nazo, hata umeme haiko kila siku, muniambie vitu vya hapa kwetu.

Motari_Ndosho

Pole sana ndugu. Mimi naona ni volkano. 2021 kisha mulipuko ya mwezi wa tano majivu ilianguka hapa mujini na bazee bengi ba kartie yetu balianza kukohoa. Muvalishe kashene kila akitoka.

Nesi_Katindo

Mwana wa Majengo, soma hii kabla ya kulala: ile mbabula ya usiku itoke leo. Si kesho. Maharagi, barabara na volkano tutazungumza, lakini mbabula ndani ya chumba iliyofungwa inaweza kumuua koko usiku mmoja tu na asubuhi watu waseme ni uzee.

Makala ikishakuwa nyekundu haitoi tena moshi, na hapo ndipo watu wanaiamini, kumbe inatoa monoksidi ya kaboni, gesi haina harufu haina rangi, inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu mzima mwenye tansio moyo wake tayari unasukuma kwa shida, ukimpunguzia oksijeni usiku kucha unamwongezea mzigo. Muulize kama anaamka na kichwa kinauma, kizunguzungu, ama kichefuchefu. Kuacha dirisha wazi kidogo haitoshi. Kwa baridi mpe blanketi mbili, soksi, kofia, na bidoni ndogo ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, iwekwe miguuni.

Sasa vumbi. Ile nyeusi unayoiona mu sahani ni kubwa, nyingi inakwama puani na kooni, inasumbua ndiyo lakini haiendi mbali. Ya hatari zaidi ni ile huioni, ya moshi wa makala, wa pikipiki, wa uchafu unaochomwa, chembe zake ni nyembamba kuliko unywele karibu mara 30, zinashuka mpaka chini kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia damuni. OMS, shirika la afya duniani, mwaka 2021 ilishusha kipimo chake, ikasema hewa ya mwaka mzima isipite mikrogramu 5 za hizo chembe kwa kila mita moja ya ujazo. Nyumba ambamo mbabula inawashwa ndani inapita hapo mbali sana. Na wazee inawaumiza kuliko sisi kwa sababu mapafu yameshapoteza ule mvutano, hata kukohoa hakutoi uchafu wote, na mishipa imeshachoka, kwa hiyo madhara hayaishii kifuani, yanafika moyoni na kichwani pia. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakikwama, usingoje asubuhi, hospitali palepale.

Kashene ya kitambaa inazuia vumbi kubwa ya barabara tu. Zile za FFP2, za kuchuja hewa, zinazuia mpaka chembe ndogo kama zimebana uso vizuri, lakini mzee anayekata pumzi hawezi kukaa nayo muchana wote, avae wakati wa kufagia ama kupita barabarani. Na gesi ya makala hakuna kashene ya kitambaa wala FFP2 inayoizuia.

Halafu pompi. Wazee wengi wanajipulizia ulimini, dawa haifiki. Chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita, toboa chini tundu linalolingana na mdomo wa pompi, lisiache nafasi, koko aweke mdomo wake kwenye mdomo wa chupa, ubonyeze mara moja, avute polepole mara kadhaa.

Mama_Kadutu

Mwanangu, kumuleta Bukavu usisumbuke. Hapa Kadutu nyumba zimebebana, kila mutu na mbabula yake, jioni moshi inalala juu ya manjanja (mabati) zote. Utakuwa umemutoa kwa majirani zake na kwa makala yake bure.

Mutu mukubwa haumuambii "acha kupika". Mama mukwe wangu tulimujengea kivuli mu paseli, uwanja ya nyumba, miti ine na manjanja juu, pembeni wazi kabisa, tukaweka kiti upande upepo inatokea, yeye anaonja, anatia chumvi, anagombeza watoto, lakini mwenye kuinamia moto ni mujukuu. Watoto wawashie mbabula inje mbali, na wasiwashe na sashe za plastiki, ile moshi ni sumu. Maharagi muloweke tangu usiku na mufunike sufuria, itaiva haraka na makala itabaki, hiyo ya makala kubaki njo itamufurahisha, muanzie hapo.

Biashara isogee ndani ya paseli, mutoto asimame ku barabara. Maji mulishafulia mumwage mbele ya mlango kabla ya kufagia. Na kama munachoma zile spirali za kufukuza imbu mu chumba yake, toeni pia, mu 2003 kuna watafiti walipima wakakuta moja tu inaweza kutoa chembe ndogo sawa na sigara 75 mpaka 137. Muskitere, chandarua, inatosha.

Mwana_wa_Majengo

Aksanti sana mama, aksanti Nesi. Nimemuuliza, kweli anasema kila asubuhi kichwa inamuuma na akifika inje inapita, sisi tulikuwa tunasema ni tansio. Amekubali bidoni ila anasema baridi itamuua mbele ya moshi. Leo mbabula imelala inje, nitazungumza na baba juu ya kivuli. Na Nyiragongo je?

Wa_Himbi

Nyiragongo inatoa gesi ya salfa, inachoma koo na inabana kifua cha mwenye asima ao mapafu yenye kuchoka, hiyo ni kweli. Ila upepo mara nyingi inapeleka ile moshi magaribi, Rusayo na Sake njo wanaipata sana, hata maji ya mvua kule inaharibika. Majengo ni siku moja moja. Mukisikia harufu kama kibiriti na macho inawasha, koko abaki ndani, mufunge madirisha, na siku hiyo musiwashe kitu yoyote ndani. Mazuku ni kitu ingine, ni gesi nzito ya kaboni dioksidi inatoka mu udongo, ile inakaa mu mabonde na mashimo hasa upande wa ziwa na wa Sake, mutu mukubwa asiende kukaa chini huko asubuhi mapema.

Nesi_Katindo

Kichwa kuuma asubuhi na kupona akifika inje, hiyo ni ya makala kabisa, usiku huu mmoja wenu alale naye chumba kimoja bila moto. Dawa ya tansio asiache hata akijisikia vizuri. Na mukirudi ku sante mwambieni mganga mapema kwamba alikuwa analala na mbabula, maana ile mashine ndogo wanaweka ku kidole haitofautishi oksijeni na gesi ya makala, inaweza kuonyesha 98 wakati mtu anazidiwa, na watawarudisha nyumbani.