Tupeane uzoefu: nani ameacha kulipia klaudi (nafasi ya kuhifadhi mtandaoni) na anatunza picha zake mwenyewe nyumbani?

Dereva wa Njiro (mwanzisha uzi)

Habari za leo wadau. Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha. Kila nikitoka Serengeti au Tarangire narudi na simu imejaa mpaka haipigi picha nyingine. Tangu Google Photos waache kutoa nafasi bila kikomo, tarehe 1 Juni 2021, zile GB 15 za bure unazila pamoja na barua pepe zako, kwa hiyo nikawa nalipia. Mwezi mmoja kadi ikagoma nikiwa porini, ndipo nikajiuliza hizi picha hasa ni za nani.

Nikachukua laptopu ya zamani iliyovunjika kioo, nikafuta Windows nikaweka Linux, mfumo wa bure, nikachomeka diski ya TB 2 na kusimika Immich. Ni programu ya bure ya kutunza picha, unaiendesha mwenyewe kwako. Wiki ya tatu leo. Simu ikishika tu waifai ya nyumbani, picha zinapanda zenyewe. Sura inazitambua, zote za mwanangu tangu anatambaa zimekaa pamoja. Kasoro moja: mke wangu ametafuta "tembo" akaletewa sahani ya wali. Ukitafuta kwa Kiingereza tembo wanakuja wote.

Walionitangulia, mwageni uzoefu. Hasa mliopata hasara.

Fundi Simu, Pasua

Mkuu, hiyo ya tembo ni modeli ya kutafutia, yaani akili bandia inayolinganisha maneno na picha. Inayokuja na programu imefundishwa Kiingereza. Ingia kwenye mipangilio, weka mojawapo ya zile zinazoanza na nllb, hizo Kiswahili zinakijua. Ila ukibadilisha lazima ichambue picha zote upya, na kwa laptopu ya zamani hiyo ni kazi ya kulala na kuamka.

Hasara yangu mimi ni kadi. Nilianza na Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo, mfumo na hifadhidata (kumbukumbu za programu) vikiwa kwenye memori kadi, picha kwenye diski ya nje. Hapa Moshi msimu ule umeme ulikuwa unakatika, unarudi, unakatika tena kabla mashine haijamaliza kuwaka. Asubuhi moja kadi ikafa. Picha zote zipo kwenye diski, lakini albamu na majina ya sura yanakaa kwenye hifadhidata. Miezi minne ya kumuuliza mama "huyu ni nani?" imekwenda.

Nilishakata tamaa ndipo nikaona kwenye diski kuna folda ya bekapu. Kumbe Immich yenyewe inatoa nakala ya hifadhidata kila usiku na kuiweka pale palipo na picha. Nikairudisha, albamu hizi hapa. Siku hizi kila kitu kiko kwenye SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, na nina UPS ndogo, betri ya akiba inayoshika mashine pamoja na ruta umeme ukikatika. Wewe wa laptopu una betri, unapona hapo, ila ya zamani ikianza kuvimba itoe.

Mama Wawili, Sakina

Mimi nitasema upande wa pili. Mume wangu alitufungia mtambo kama huo, akaenda kikazi Dodoma mwezi mzima. Siku ya tatu ukazima. Nampigia, ananiambia "fungua ile skrini nyeusi uandike..." Baba, nina mtoto mgongoni na ugali jikoni! Nenosiri analo yeye, karatasi hakuna. Nimerudi kulipia kila mwezi na sijutii. Mkiweka mtambo, muwaandikie na walio nyumbani.

Kijana wa Rau

Dada wa Sakina umesema kweli tupu.

Mimi wezi waliingia. Nilikuwa na laptopu kama seva (mashine inayotunza picha), diski moja ya picha na nyingine ya nakala. Nilijiona mjanja kwa kuwa na mbili. Zote zilikuwa droo moja. Waliondoka na droo, yaani hawakuhangaika hata kuchambua.

Ndani yake kulikuwa na picha za marehemu baba: kipaimara changu, shamba la kahawa, yeye na kofia yake. Zilizobaki ni zile nilizowahi kumtumia dada kwa WhatsApp. Zimefifia, ukizivuta zinageuka vijumba, na tarehe ya kupigwa haimo tena kwenye faili. Nimekaa na dada jioni nzima tukikadiria mwaka kwa kuangalia urefu wa mti wa parachichi nyuma ya nyumba.

Wanaojua wanasema nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja ikae nje ya nyumba. Nilikuwa naisoma kama mahubiri. Sasa nina diski mbili zinazopokezana: moja kwangu, moja kwa dada Kiborloni. Kila nikienda kwake Jumapili naipeleka hii narudi na ile. Nimezifunga kwa nenosiri kwa LUKS, njia ya Linux ya kusimba diski, mwizi akiiba apate chuma tu. Na nikiirudisha nafungua picha kumi hivi nihakikishe zinafunguka.

Mchaga wa Krismasi

Swali lililonisumbua ni kuzifikia ukiwa mbali. Nipo Arusha, Desemba tunapanda Marangu, bibi anataka kuona wajukuu. Ruta yangu ni ya laini ya simu, na mtandao unanipa anwani ya intaneti ninayochangia na wateja wengine, kwa hiyo kufungua mlango kutoka nje haiwezekani. Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa siri kupitia intaneti, ndiyo iliyoniokoa: unaiweka kwenye seva na kwenye simu, zinaonana kama ziko chumba kimoja. Angalieni bando tu. Video inayotazamwa Marangu inakula huko na inakula nyumbani pia kwa sababu ndiko inakopandishwa. Bibi alirudia ile ya ubatizo mara sita, sikuwa na moyo wa kumzuia.

Dereva wa Njiro

Asanteni sana. Nenosiri limeandikwa, liko ndani ya Biblia ya mke wangu. Diski ya pili nimeipata, na shemeji wa Tengeru amekubali kunitunzia. Ameuliza tu inakula umeme kiasi gani. Nimemwambia inakaa kabatini, haichomekwi.