Uvimbe wa moyo usio wa saratani: kwa nini upasuaji uharakishwe?

Mdogomtu:
Salaam wote. Dada yangu, mwenye umri wa miaka 46, amekuwa akipata homa za mara kwa mara na kuishiwa pumzi, hasa akilalia ubavu wa kushoto. Akigeuka, hupata nafuu. Kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kimeonyesha uvimbe wa sentimita 4 katika chumba cha juu cha kushoto cha moyo. Daktari anadhani ni miksoma, ambayo si saratani, lakini anataka apasuliwe ndani ya siku chache. Haraka hiyo ni ya nini? Na je, haiwezekani ikawa ni damu iliyoganda tu?

Daktari Mapigo:
Pole kwa kuuguliwa. Kutokuwa saratani ni habari ya seli zake. Hatari ya miksoma inatokana na mahali ilipo. Takriban robo tatu ya miksoma huota katika chumba hicho hicho, zikiwa zimejishika kwa kikonyo kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu, na kwa kuwa huning'inia, zinaweza kuteremkia kwenye vali ya mitrali, yaani mlango kati ya chumba cha juu na cha chini cha kushoto, na kuziba njia ya damu, jambo linaloeleza kwa nini dada yako hupumua vizuri akigeuka. Isitoshe, ni laini, na kipande kikimeguka kinaweza kufika ubongoni na kuleta kiharusi. Hakuna dawa inayoiyeyusha.

Damu iliyoganda kwa kawaida hujificha katika kijifuko cha pembeni cha chumba hicho, hasa kwa mtu ambaye mapigo ya moyo wake hayana mpangilio au vali yake imesinyaa. Eko ya kupitia umio huonyesha kikonyo vizuri zaidi, na MRI (picha ya sumaku) husaidia panapobaki shaka. Homa inaweza kuletwa na miksoma yenyewe, lakini damu ioteshwe maabara ili maambukizi ya vali yasije yakapita bila kuonekana.

Mwanafunzi wa Tiba:
Naongeza kwamba si kila uvimbe wa moyo hupasuliwa. Fibroelastoma, uvimbe mwingine wa moyo usio wa saratani, ikiwa ndogo na ya upande wa kulia, isiyochezacheza wala kuleta dalili, inaweza kufuatiliwa kwa eko. Ya dada yako haimo katika kundi hilo.

Mdogomtu:
Ahsanteni sana. Ikishatolewa, hurudi?

Daktari Mapigo:
Mara chache. Upasuaji huu wa kutumia mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu ulifanikiwa tangu 1954, mikononi mwa daktari mpasuaji Clarence Crafoord huko Stockholm, na leo matokeo yake kwa kawaida ni mazuri. Kikonyo hukatwa pamoja na sehemu ya ukuta kilipojishikia, tundu likazibwa kwa kiraka, na uvimbe ukapelekwa maabara, kwa kuwa uthibitisho kamili hupatikana huko. Hurudi zaidi kwa wenye ugonjwa wa kurithi uitwao Carney. Mwangalie dada yako kama ana madoadoa meusi midomoni au kwenye kope; akiwa nayo, mwambieni daktari kabla ya upasuaji, na wewe pia ufanyiwe eko.